Magunia Mawili ya Kahawa

Mjukuu wangu wa kike alirudi Jumamosi moja kutoka Bunga akiwa na flashi inayoning'inia shingoni. Alikuwa amepita kwa vijana wanaouza filamu zilizotafsiriwa, wale wanaokujazia flashi kwa bei ya soda, akaja barazani nilipokuwa nashona wavu. "Jjajja, weka hiyo chini," akaniambia. "Nimekuletea wavuvi wenzako." Akaiweka kompyuta yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukaanza kutazama huku boti kutoka Bule zikishusha abiria na mikungu ya ndizi pale chini mwaloni.

Ilikuwa sehemu ya nne ya The Mandalorian, mfululizo wa Kimarekani wa 2019. Kuna sayari yenye misitu na maji, na kijiji cha watu wanaofuga uduvi wa buluu kwenye vidimbwi. Majambazi hutoka msituni wakawapora. Serikali haipo. Ile kubwa ya zamani imeanguka, na mpya haijafika huko pembezoni. Wanakijiji wawili wanamwendea mtu aliyevaa kofia ya chuma, mwindaji wa watu kwa malipo, ambaye naye anasakwa kwa sababu amemficha mtoto anayetakwa na wakubwa. Mtu huyo anawafundisha kushika silaha, wanachimba mtego ndani ya kidimbwi chao wenyewe, na usiku wa vita dude la chuma la majambazi linatumbukia humo. Vijei, yaani msimulizi aliyeitafsiri filamu, alikuwa amewapa wanakijiji majina ya Kiganda na lafudhi ya watu wa visiwani, nami baada ya dakika kumi nilisahau kuwa tuko angani.

Mjukuu wangu alilia mwishoni, yule mtu wa chuma alipowaaga wanakijiji. Mimi machozi yalinilenga mapema zaidi, pale mwanzoni, wale wawili waliposimama mbele yake na kijifuko cha pesa, naye akawaambia hazitoshi.

Hadithi yenyewe naijua tangu ujana. Akira Kurosawa aliitengeneza Japani mwaka 1954, wakulima maskini wakiwaajiri samurai saba wasio na bwana. Wamarekani wakaivisha kofia na farasi mwaka 1960 wakaiita The Magnificent Seven. Hiyo niliiona mjini Kampala kwenye jumba la sinema, kwa hela niliyoficha ya kununulia nyuzi za nyavu, na nikapigwa kwa ajili yake. Mwaka 1980 Roger Corman akaipeleka angani kwa jina la Battle Beyond the Stars. Na kabla ya hapo, mwaka 1977, dunia ilikuwa imeshampenda Han Solo wa Star Wars, rubani wa magendo aliyezama kwenye madeni, anayepakia watu wanaokimbia bila kuuliza maswali mengi, na mwishowe anarudi kuwaokoa wakati hakuna anayemlipa.

Mwaka 1977. Huo nataka kukaa nao kidogo, kwa sababu walipokuwa wanampigia makofi mtu wa magendo katika sinema za Marekani, mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa katika mtumbwi wa magendo.

Baba yangu alikuwa Mhaya wa Bukoba, baharia wa meli za ziwa za Reli ya Afrika Mashariki. MV Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961 alipangiwa humo: Kisumu, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na kurudi. Akishuka Port Bell alivuka ghuba kwa mtumbwi mpaka Ggaba, ambako mama yangu, Mganda, alikuwa akibanika samaki. Kiswahili changu kimetoka kwa baba na kwa mabaharia wenzake waliokuja kula kwetu. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mwaka huohuo wa 1977, meli zikagawanywa kama vyombo vya nyumba ya walioachana, Victoria ikawa ya Tanzania, na baba akaenda nayo. Sisi tukabaki Uganda ya Idi Amin.

Vijana wakiniuliza ilikuwaje, wanataka niwaambie habari za vifo. Vifo vilikuwapo, na jirani kabisa: kambi ya polisi wa jeshi ya Makindye iko juu ya barabara hii hii ya kwetu, na tuliosikia magari yakipita usiku tulijua yanakwenda wapi. Februari ile Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na kama askofu mkuu anaweza kuuawa, karani au mwalimu alikuwa nani? Lakini mimi huanza na sukari. Uganda ilikuwa na viwanda vya sukari Kakira na Lugazi, nchi ilijitosheleza. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, maduka na viwanda vikagawiwa kwa watu waliokuja kuitwa mafuta mingi, na baada ya miaka michache mama yangu alikuwa anakoroga uji kwa muwa uliopondwa. Sabuni hakuna. Chumvi ya kuhifadhia samaki hakuna, na mvuvi asiye na chumvi anauza samaki wake kabla ya saa nne asubuhi kwa bei atakayopewa, au anawatupa.

Upande mwingine, Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni huko Brazil na bei ya kahawa ikapaa duniani. Mkulima wetu alipeleka kahawa yake kwa bodi ya serikali akalipwa kidogo, tena kwa kuchelewa. Ng'ambo ya mpaka, gunia lilelile lilikuwa mali. Ndivyo Chepkube, kijisoko cha mpakani mwa Kenya, kilivyopata kujulikana mpaka kwa watu wasioweza kukionyesha kwenye ramani. Na sisi wa ziwani tulikuwa na njia pana kuliko yoyote. Serikali ilijibu kwa ukali: amri ya mwaka 1975 iliunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, na magendo yakawa kosa la kumfikisha mtu mbele ya bunduki. Majini kulikuwa na boti za doria za kikosi cha kuzuia magendo, kilichoongozwa na Mwingereza Bob Astles. Jina hilo tulilitaja kwa sauti ya chini hata tukiwa katikati ya maji.

Basi hao ndio waliokuwa wahalifu. Watu waliopeleka kahawa na kurudi na chumvi.

Mtumbwi wetu ulikuwa wa Ssese, mrefu, wenye pua iliyochongoka mbele. Tulipakia usiku nyuma ya matete, upande wa Munyonyo. Kahawa ilikuwa kiboko, ile iliyokaushwa na maganda yake, na juu ya magunia tulitandaza mukene mkavu ili harufu yake ifunike kila kitu. Mpaka tuvuke kisiwa cha Bulingugwe hatukuwasha injini. Tulipiga makafi yaliyofungwa vitambaa mahali yanapogusa ukingo, maana usiku ubao ukigonga ubao husikika hadi nchi kavu. Injini ilivikwa gunia lililoloweshwa. Tulielekea Buvuma, tukalala mchana ndani ya mafunjo, usiku wa pili tukapita Sigulu, na alfajiri tuko Sio Port, Kenya, tunakunywa chai yenye sukari. Ile chai. Mjukuu wangu hawezi kuelewa jinsi kijana wa miaka ishirini na miwili anavyoweza kulia juu ya kikombe cha chai, na namwombea asije akaelewa.

Lazima niseme jambo kuhusu lugha hapa, kwa kuwa naandika kwa lugha hiyo. Kwa wenzangu wengi wa Kampala, Kiswahili cha miaka ile ni lugha ya kugongewa mlango. Fungua. Lala chini. Leta pesa. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kila janga letu limeacha neno lake la Kiswahili ndani ya Kiganda: magendo, mafuta mingi, saba saba ya makombora, bakombozi, panda gari. Wapo wazee hapa Ggaba ambao mpaka leo wakisikia sauti nzito ikisema "wewe!" mwili unawasisimka. Siwalaumu hata kidogo. Lakini mimi katika mtumbwi nilikijua Kiswahili kingine. Nahodha wetu alikuwa Msamia, mshika injini Mjaluo, mimi nusu Mhaya nusu Mganda, na bila Kiswahili tusingeweza hata kuambiana "inama". Kilisemwa kwa kunong'ona. Baraza la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, mjukuu wangu aliniletea daftari lake nimsaidie ngeli, nami nikakumbuka kwamba mwalimu wangu wa mwisho wa lugha hiyo alikuwa mhalifu.

Nahodha yule alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana na vidole viwili vilivyokatwa na kamba. Hakunywa. Hakuwa na hadithi. Usiku mmoja tulipokuwa tumeshapakia, mwanamke alitokea mateteni na watoto watatu, mdogo akiwa mgongoni. Mumewe, karani, alikuwa amechukuliwa siku nne nyuma, akaingizwa kwenye buti la gari mchana watu wakitazama, na mtu mwema alikuwa amempasha kwamba sasa wanamtafuta yeye. Hakuwa na senti. Alikuwa na pasi ya mkaa na picha ya harusi iliyofungwa kwenye khanga.

Nahodha hakumjibu. Aliinama akashusha kiganja chake ubavuni mwa mtumbwi, kati ya ukingo na maji, akapima. Vidole vinne. Kwa ziwa letu vidole vinne ni kifo, likichafuka kidogo tu. Akanyanyuka, akaondoa mukene kwa mikono, akalikumbatia gunia moja la kahawa na kulisukumia majini. Kisha la pili. Hakuwa na bwana nyuma yake. Kahawa ilikuwa yake, aliikopea. Kiboko ni chepesi, magunia hayakuzama mara moja. Yaliambaa kando yetu meupe chini ya mwezi kama migongo ya ng'ombe wanaooga, na nahodha aliyatazama mpaka yakaenda chini, halafu akamwambia yule mama kwa Kiswahili chake cha Kisamia akae katikati, watoto wasishike ukingo. Tuliwafikisha. Sio Port yule mama alitaka kumpa ile pasi, naye akakataa kwa kutikisa kichwa, akaenda kutafuta wanunuzi.

Kisa hicho nimekisimulia mara nyingi sana. Msibani, kwenye harusi, kwa vijana wa mwaloni. Ni kisa kizuri, na kila neno lake ni kweli.

Lakini nikimtazama yule mtu wa chuma akiondoka kijijini shujaa mzima, naona ni kwa nini kizazi chetu kilipenda sana hadithi za namna hii, na ni nini tulichojificha nyuma yake. Tulitaka wema uwe mali ya mtu mmoja, nahodha, mwenye bunduki, mtu wa msituni, ili sisi wengine tubaki abiria. Aprili 11, 1979 wakombozi kutoka Tanzania waliingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, tukawashangilia barabara nzima ya Ggaba, na kesho yake tukaingia kwenye maduka ya mafuta mingi tukabeba hata milango. Sisi. Sio askari wa Amin, walikuwa wamekwishakimbia. Ikaja miaka ya panda gari, wanaume wakipakiwa kwenye malori mchana kweupe ili wachujwe. Serikali ya wakati huo iliwaita waasi wa Luwero majambazi, na Januari 26, 1986 wale walioitwa majambazi wakachukua mji, wakawa ndio serikali, na mpaka leo ndio wanaosema nani jambazi. Filamu hazifiki hapo. Filamu humruhusu mlinzi apande chombo chake aende zake angani. Kwetu alikaa.

Na magendo je? Amani ilipokuja, chumvi ikarudi madukani, tungeweza kuyaacha. Hatukuyaacha. Tuliyahamisha kutoka ziwani tukayapeleka kwenye meza za ofisi, kwenye zabuni, kwenye vyeti vya ardhi. Kijana aliyejifunza mwaka 1977 kwamba mwenye akili ni yule anayekwepa sheria, mwaka 1997 alikuwa baba mwenye nyumba na cheo, na bado alikuwa anakwepa, ingawa sasa sheria haikuwa na bunduki. Tulirithisha ule ujanja wa kufunga vitambaa kwenye makafi. Kiganja kinachopima maji na mikono inayosukuma gunia lako mwenyewe, hivyo hatukuvirithisha, kwa kuwa wengi wetu hatukuwahi kuvifanya. Tulivitazama tu.

Watoto wa leo wana pembezoni yao. Tangu 2017 wanajeshi walipopewa kazi ya kulinda samaki, mitumbwi iliyo chini ya futi 28 imekamatwa na kuchomwa moto kwenye mialo mingi ya ziwa hili. Nyavu za macho madogo zilikuwa zinamaliza sangara wachanga, hilo nalijua kuliko wengi, nimezishona. Ila nimeona pia mzee wa rika langu akikaa kando ya majivu ya mtumbwi wa futi 20, ambao ndio mali pekee aliyokuwa nayo, na hakuna aliyemwambia ale nini kesho. Kule Migingo, jiwe lile la katikati ya maji lililojaa mabati, polisi wa Uganda walipiga hema na kupandisha bendera mwaka 2004 wakati maharamia walikuwa wanawatesa wavuvi. Baada ya muda wavuvi wa Kenya walikuwa wanalalamika kwamba waliokuja kuwalinda ndio wanaowatoza. Vijana wa Ggaba wanazijua habari hizi zote. Ndiyo maana wanampenda mtu wa kofia ya chuma. Wanamngoja.

Hilo la kumngoja ndilo linaloniuma. Nilimrudishia mjukuu wangu filamu nyuma nikamwonyesha: tazama nani anachimba ule mtego. Tazama yule mjane, Omera, ndiye mwenye shabaha kuliko kijiji kizima, na hakuna aliyejua mpaka aliposhika bunduki. Yule mtu wa chuma alikaa nao wiki chache tu. Vidimbwi ni vyao, matope ni yao. Mjukuu wangu alinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza nikimweleza bei za zamani, kisha akasema, "Sawa, Jjajja. Lakini bila yeye wangeanza?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kile kisa, cha magunia mawili. Alikuwa amekisikia tangu utotoni, ila safari hii aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza msibani wala harusini: "Kwa hiyo nahodha alikuwa mtu mwema?"

Nimewaeleza watu kuhusu usiku ule kwa karibu miaka hamsini. Usiku mwingine sikuwahi kuueleza. Ulikuwa miezi miwili baadaye, mahali palepale, matete yaleyale. Alikuja mwanaume, kijana wa rika langu, shati lake limechanika begani. Alikuwa na pesa, akazitoa zote, noti zilizokunjwa na sarafu, akazishika kwa mikono miwili mbele ya nahodha. Nahodha akazihesabu kwa mwanga wa sigara ya mshika injini. Safari iliyopita tulikuwa tumepoteza mzigo mzima kwa doria, na alikuwa na deni la kahawa, na watoto wake Majanji. Akamrudishia zile pesa mkononi. "Hazitoshi," akasema, na akaenda kukaa nyuma.

Maji yalikuwa vidole vinane chini ya ukingo. Nafasi ilikuwapo. Yule kijana hakupiga kelele, alisimama tu kwenye maji yaliyomfika magotini. Siku chache baadaye tuliporudi asubuhi, wanawake wa mwaloni walikuwa wameshamfunika kwa majani ya mgomba.

Mjukuu wangu alikaa kimya. Alikuwa ameisimamisha filamu pale kijiji kinapowasha taa usiku. Chini mwaloni boti ya mwisho ya Bule ilikuwa inaondoka, kondakta wake akiita abiria.

"Na wewe, Jjajja," akasema, "ulikuwa wapi?"

Nilikuwa mbele, kwenye pua ya mtumbwi. Mimi ndiye niliyefungua kamba.